Ukungu wa Kalinzi na ukungu wa lenzi

Mjini Kigoma, katika eneo la Mwanga, kuna studio ya picha ambayo kwa miaka mingi imeishi kwa picha za pasipoti, picha za mahafali na kazi ya kulamineti vyeti, na ambayo sasa imeongeza huduma ambayo sikutarajia kuiona huku kwetu: ukilipa, unachukuliwa alasiri, unapelekwa vijijini pamoja na kiongozi anayezijua njia, unapiga picha za mandhari hadi giza linapoingia, kisha unarudishwa mlangoni kwako. Nimeitumia huduma hiyo mara tatu, mara mbili wakati wa mvua, mwezi Machi na mwezi Aprili, na mara moja katikati ya kiangazi, mwezi Agosti. Jina la studio nimeliacha kwa makusudi, kwa sababu nina lawama ambazo wenyewe nimeshawafikishia ana kwa ana, na sioni haja ya kuwaanika.

Niseme mapema ninavyoipima huduma yenyewe, ili asiye na muda asihangaike kufika mwisho. Kiongozi wao anastahili kila shilingi inayodaiwa, na pengine zaidi. Vifaa vyao vya kukodi, hasa lenzi, si vya kuaminiwa, na mtu mwenye kamera yake, hata iwe ya zamani, aende nayo hiyo hiyo.

Bei niliyolipa ilikuwa shilingi 70,000 kwa jioni moja nilipokwenda peke yangu, na shilingi 45,000 kwa kila mmoja nilipokwenda na wenzangu wawili, gari na kiongozi vikiwa ndani yake. Lenzi ilikodishwa kwa shilingi 20,000 na tripodi, yaani stendi ya kamera ya miguu mitatu, kwa shilingi 10,000. Nusu hulipwa kwa simu siku moja kabla, na salio hulipwa mkirudi. Mvua kubwa ikinyesha, safari huahirishwa bila malipo ya ziada, sharti ambalo wamelitimiza kwangu mara moja bila ubishi wowote.

Jambo la kwanza ambalo huduma hii inalifanya vizuri ni kuijua saa. Tanzania nzima inatumia saa moja, lakini jua halikusaini makubaliano hayo, na Kigoma, iliyo magharibi kabisa mwa nchi, huliona jua likizama takribani dakika arobaini baada ya Dar es Salaam. Mgeni anayetoka pwani akiwa amezoea kwamba saa kumi na mbili na nusu mwanga umeshakwisha, huku ataanza kukunja tripodi wakati ambapo kazi haijaanza. Kwetu jua huzama karibu na saa moja jioni, na mwezi Februari huchelewa hata zaidi ya hapo. Kwa upande mwingine, kwa kuwa tuko karibu na ikweta, jua huteremka moja kwa moja kama jiwe lililodondoshwa, na baada ya kuzama kwake una dakika ishirini hivi za mwanga unaofaa kabla ya giza kamili. Studio inaondoka mjini saa tisa na nusu. Mara ya kwanza niliona ni mapema mno na nikanung'unika kidogo. Sikunung'unika tena.

Safari ya Machi ilikuwa ya Kalinzi. Tulipita Mwandiga, tukashika barabara ya lami inayokwenda Manyovu, mpakani na Burundi, na gari likaanza kupanda. Ziwa Tanganyika liko takribani mita 770 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Kigoma umekaa ukingoni mwake katika joto ambalo wakazi wake wanalijua. Lakini ukipanda kuelekea Kalinzi, hewa inabadilika kabla hujamaliza chupa yako ya maji. Michikichi inapungua, migomba inaongezeka, na chini ya migomba unaanza kuona mibuni, kwa maana hii ndiyo sehemu ya Kigoma inayolima kahawa. Ni nchi ya miteremko, mashamba yamepangwa juu ya mengine, nyumba zimetawanyika, na katikati kuna mabonde membamba ambayo jioni hujaa ukungu kama bakuli linavyojaa uji.

Kiongozi ni kijana wa miaka ishirini na kitu, Muha wa huko huko, ambaye huniita mwalimu kwa kuwa ndiyo kazi yangu, nami humwita mdogo wangu. Hakutuongoza moja kwa moja hadi mahali pa kupigia picha. Kwanza alisimamisha gari kwenye nyumba moja, akamsalimia bibi aliyekuwa anaanika maharage juu ya turubai, akapiga magoti nusu, akazungumza naye Kiha kwa muda ambao mimi niliuona mrefu, kisha akanigeukia akitaka nisalimie. Nikatoa shikamoo yangu, bibi akaitikia marahaba, akanitazama mimi na begi langu.

"Mnakuja, mnapiga, mnaondoka," alisema kwa Kiswahili. "Hata mmoja hajawahi kuleta."

Kijana akamuahidi kwamba safari hii italetwa. Ndipo tukaruhusiwa kupita nyuma ya nyumba, kati ya mibuni, hadi kwenye tuta lililokuwa linatazama bonde lote upande wa magharibi. Nimeeleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu ndilo ninalolilipia. Tuta lile haliko kwenye ramani yoyote ya simu, linapitiwa shambani mwa mtu, na mpiga picha anayefika na gari na tripodi bila kusalimia atapewa bonde lile lile kutokea barabarani, likiwa na nguzo za umeme katikati.

Kisha tulisubiri. Ilikuwa imenyesha adhuhuri, na ardhi ilikuwa bado imelowa. Mimi, nikiona ukungu mwepesi ukingoni mwa bonde, nilianza kupanga kamera, lakini kijana akaniambia nisiharakishe. Alikuwa hatazami bonde. Alikuwa anatazama moshi wa jiko la nyumba moja ng'ambo. Moshi ulikuwa unapanda wima, mwembamba, ukapotea juu ya migomba. Tulikaa zaidi ya nusu saa. Kisha ule moshi ukafanya jambo ambalo nimekuwa nikiwafundisha wanafunzi wa kidato cha tatu kwa mchoro wa ubaoni bila hata siku moja kwenda kuliangalia: ulipanda hadi usawa wa paa, ukagota, ukalala. Ukajitandaza kama shuka juu ya migomba, bila kupanda wala kushuka.

"Moshi ukilala, mwalimu, sisi tunasimama," akasema, akachukua tripodi.

Maelezo yake ya kisayansi ni mepesi. Jioni tulivu, ardhi ya miteremko hupoteza joto upesi, hewa inayoigusa hupoa, na kwa kuwa hewa baridi ni nzito, hutiririka kuelekea bondeni na kujikusanya huko, hewa yenye joto ikibaki juu yake kama kifuniko. Moshi ukikutana na kifuniko hicho hauwezi kupanda zaidi. Unyevu uliotokana na mvua ya mchana nao hubanwa chini, na hewa inapopoa vya kutosha, unyevu huo hugeuka matone madogo sana yanayoelea, yaani ukungu. Moshi uliolala ni ishara kwamba kifuniko kimewekwa. Ukungu utafuata ikiwa unyevu upo. Ndani ya robo saa bonde lote lilikuwa limejaa, migomba ya chini ikabaki vichwa tu, na miinuko ya nyuma ikajipanga mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja mweupe zaidi kuliko uliotangulia. Nilihesabu mitano.

Nilipiga picha zaidi ya mia moja kwa lenzi niliyoikodi kwao, ile ya kukuza, ya milimita 70 hadi 200. Kwa mandhari ya namna hii, lenzi ndefu inafaa kuliko lenzi pana, ingawa wengi hudhani kinyume chake. Lenzi pana huyasukuma mabonde mbali, na ukungu unaonekana kama doa la maziwa katikati ya majani mengi. Lenzi ndefu huivuta miinuko na kuibananisha, ili ile tofauti ya weupe kati ya mwinuko na mwinuko iwe ndiyo picha yenyewe. Kwenye kioo kidogo cha kamera, picha zangu zilionekana laini, zenye ndoto ndani yake. Nilirudi Kigoma nikiwa na furaha ya mtu aliyeokota.

Furaha hiyo ilidumu hadi saa tano usiku, nilipozifungua picha kwenye kompyuta. Kitu hakikukaa sawa, na ilinichukua muda kukitaja. Katika picha moja, shina la mgomba lilikuwa mbele kabisa, hatua nne au tano kutoka niliposimama. Lilikuwa limelowa, na nakumbuka kwa macho yangu kwamba ganda lake lililokauka lilikuwa jeusi kama mkaa. Kwenye picha lilikuwa la kijivu. Nikakuza: kijivu, na limefunikwa na utando mweupe ule ule uliofunika mwinuko wa tano, ule wa mbali kabisa. Sasa, ukungu wa kweli haufanyi hivyo. Ukungu hukusanyika kadiri umbali unavyoongezeka, kwa sababu kati yako na kitu cha mbali kuna matone mengi kuliko yaliyopo kati yako na kitu cha karibu. Kwa hiyo kilicho karibu lazima kibaki na weusi wake, na weusi huo ndio unaompa mtazamaji kipimo cha weupe wa kule nyuma. Picha ambayo kila kitu ndani yake kimepauka kwa kiwango kimoja haikupaushwa na bonde. Imepaushwa na kioo.

Asubuhi niliichukua ile lenzi kabla ya kuirudisha, nikafungua vifuniko vyote viwili, nikamulika tochi ya simu kutoka nyuma na kuchungulia kutoka mbele. Ndani, kwenye kioo cha pili au cha tatu, kulikuwa na nyuzi nyeupe nyembamba kama za buibui, zimeanzia ukingoni na kutambaa kuelekea katikati. Ulikuwa ukungu. Lugha yetu imeviita vitu hivi viwili kwa neno moja, ule wa mabondeni na ule unaoota kwenye mkate na kwenye viatu vilivyosahauliwa chini ya kitanda, na mimi nililipa shilingi 20,000 ili wa pili unizuie kuupiga picha wa kwanza.

Lenzi kuota ukungu katika mji ulio ukingoni mwa ziwa si ajabu. Hewa ni nyevu, na vifaa hufungiwa kwenye mabegi yenye giza, mara nyingi vikiwa na umande wa safari iliyopita. Ukungu ukishaota, husambaza mwanga ndani ya lenzi, na athari yake huwa mbaya zaidi unapopiga ukiwa umelielekea jua, ndicho hasa kinachofanyika katika picha za machweo. Ukiachwa, hula ule utandao mwembamba uliopakwa juu ya kioo, na hapo hata fundi akiusafisha, alama hubaki. Kinga yake ni rahisi kuliko dawa: chombo kinachofunga vizuri, na ndani yake vile vipakiti vya chembechembe za kufyonza unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vipya. Studio inayokodisha lenzi kwa bei hiyo haina udhuru wa kukosa kitu ambacho muuza viatu wa sokoni anakitupa.

Niliporudisha lenzi niliwaonyesha kwa tochi. Aliyekuwa kaunta aliniambia kwamba hilo ni vumbi tu. Nilimwonyesha picha ya shina la mgomba. Aliniambia kwamba Kalinzi kuna ukungu, ndiyo maana wateja wanakwenda. Jibu lake lilinichekesha hata nilipokuwa nimekasirika, kwa sababu kisarufi alikuwa hajakosea. Fedha ya lenzi haikurudishwa. Badala yake nilipewa punguzo la safari ya pili, ambalo nilikubali, si kwa kuridhika bali kwa sababu nilitaka kurudi kwenye lile tuta.

Mwezi Aprili nilirudi na vifaa vyangu, navyo ni vya kawaida sana. Kamera ni Canon EOS 6D, iliyotoka mwaka 2012, yenye pikseli milioni 20.2 na kihisi kikubwa cha ukubwa wa filamu ya zamani ya milimita 35. Lenzi ni ile ya milimita 50 yenye tundu la kupitishia mwanga la 1.8 (namba ikiwa ndogo, tundu huwa kubwa), toleo la mwaka 2015, ambayo ina uzito wa gramu 160 na huingia mfukoni mwa koti. Sikuwa na lenzi ndefu, kwa hiyo nilitembea. Kijana alinishusha hatua kama mia mbili chini ya tuta la kwanza, hadi mahali ambapo miinuko mitatu inabananika yenyewe bila msaada wa kioo, na picha niliyoitoa pale ndiyo iliyopo ukutani mwa sebule yangu leo.

Jioni ile ndipo nilipoona kwamba kijana huyu hajui njia tu, anaijua na kazi. Kamera yoyote, inapopima mwanga, hudhani kwamba kilicho mbele yake ni cha kijivu cha wastani, na ikielekezwa kwenye ukungu mweupe, hupunguza mwanga ili weupe huo uwe kijivu. Matokeo yake ni picha chafu, kama zilizopigwa kupitia neti yenye vumbi. Dawa yake ni kuongeza mwanga kwa makusudi, theluthi mbili za hatua hadi hatua nzima, hatua moja ikiwa ni mwanga mara mbili ya uliopo. Hilo nilikuwa nalijua. Nisilolijua, naye akanionyesha kwenye kamera yangu, ni kwamba nyongeza hiyo inatakiwa ipunguzwe kadiri jioni inavyokwenda, kwa sababu baada ya jua kuzama ukungu wenyewe unaacha kuwa mweupe, unaingia kwenye samawati iliyofifia, na ukiendelea kuongeza mwanga unaipata picha ya saa nne asubuhi. Picha zangu za mwisho nilizipiga kwa tundu la 8, aiso (wepesi wa kihisi kupokea mwanga) ya 400, shata, yaani pazia la kamera, ikiwa wazi kwa sehemu ya nane ya sekunde, bila nyongeza yoyote, kamera ikiwa juu ya tripodi na mimi nikiwa nimezuia pumzi. Ni za giza kidogo. Ndivyo Kalinzi ilivyokuwa.

Vilevile alinishauri niuondoe mpangilio wa rangi kwenye hali ya kujiendesha na kuuweka kwenye alama ya jua. Kamera inayojichagulia rangi hufanya kazi ya mwalimu wa nidhamu: ikiona dhahabu ya machweo inadhani ni kosa na kuirekebisha, ikiona ubuluu wa magharibi inaurekebisha pia, na mwishowe unarudi nyumbani na picha za jioni zisizo na jioni. Kuhusu fokasi, ukungu huwapa kamera shida, kwa kuwa fokasi ya kujiendesha hutafuta ukingo mkali wa kushika na ndani ya ukungu hakuna ukingo. Alama ya katikati ya 6D ni hodari katika mwanga hafifu, nayo iliweza kushika kwenye mstari wa mgomba dhidi ya ukungu. Ilipokataa, nilifokasi kwa mkono.

Safari ya Agosti ilikuwa tofauti kiasi kwamba ni kama niliitumia huduma nyingine. Kiangazi Kalinzi hukauka, na kiongozi mwenyewe ndiye aliyependekeza twende upande wa pili, kusini ya Ujiji, kwenye bonde la mto Luiche ambako watu hulima mpunga. Hapo ulaini wa mwanga hautokani na matone ya maji. Ni moshi wa mashamba yanayochomwa, moshi wa majiko, na vumbi la miezi kadhaa isiyo na mvua. Tofauti yake inaonekana kwa macho: ukungu wa maji husambaza rangi zote kwa usawa, ndiyo maana ni mweupe, na jua nyuma yake ni sahani nyeupe, ilhali moshi una chembe ndogo zaidi, huiondoa samawati na kuiacha nyekundu ipite, kwa hiyo jua hugeuka duara la rangi ya embe dodo lililoiva, ambalo unaweza kulitazama bila kufumba macho. Tena halifiki kwenye milima ya Kongo. Kabla ya kuigusa, kama nusu saa hivi kabla ya muda wake, linapotelea ndani ya moshi, na mgeni anayengoja kulipiga picha likikaa juu ya milima ataambulia anga tupu. Kijana alituonya mapema, na hata hivyo mmoja wa wenzangu alingoja.

Picha za Luiche ni nzuri, ingawa sizipendi kama za Kalinzi. Kuna vijaruba vilivyovunwa, mabua, korongo mmoja au wawili, watu wanaorudi na mizigo kichwani. Moshi huleta rangi nyingi na tabaka chache. Nisingelipa shilingi 70,000 kwa ajili yake nikiwa peke yangu, lakini kwa bei ya watu watatu sina majuto. Studio ina pia jioni ya Kibirizi, ya wavuvi wa dagaa wanaotoka na taa zao. Sijakwenda, kwani Kibirizi mimi hufika kwa daladala.

Usafiri una kasoro zake. Gari ni Probox lenye viti vinne vya abiria, na tulipokuwa watatu pamoja na kiongozi na mabegi, goti langu lilisafiri likiwa limekumbatia tripodi ya mwenzangu. Taa moja ya mbele ilikuwa hafifu, jambo ambalo kwenye barabara yenye kona, usiku, yenye wapanda baiskeli wasio na taa, halivumiliki. Nililisema, na Agosti ilikuwa imebadilishwa. Chakula hakuna, beba chako, au mwombe dereva asimame Mwandiga. Beba pia sweta, hata kama mjini umetoka jasho limekulowesha mgongo. Na mkishuka kutoka kwenye baridi ya Kalinzi kurudi kwenye hewa nzito ya ziwani, kamera ibaki ndani ya begi lililofungwa hadi ipate joto, ama sivyo kioo kitavuta umande na utakuwa umeanza kujilimia ukungu wako mwenyewe.

Limebaki la kusafisha picha, ambalo studio hulifanya papo hapo na ambalo ndilo chimbuko la biashara yao. Karatasi zao ni nzuri, bei ya ukubwa wa A4 ni shilingi 5,000, na kazi hutoka siku hiyo hiyo. Ila mashine yao imewekwa irekebishe kila picha yenyewe, na marekebisho hayo yamepangwa kwa nyuso za maharusi. Ikiona ukungu inadhani picha imepauka, inauongezea weusi, inakaza rangi, na bonde langu la Aprili lilitoka likiwa na miinuko iliyokatwa kwa wembe, ukungu ukiwa kama jivu lililomwagwa. Ilibidi niombe marekebisho yazimwe. Kijana wa mashine hakujua kwamba yanazimika. Tulitafuta pamoja kwenye menyu hadi tukayapata, na nakala ya pili ilitoka kama nilivyoiona. Kwa hiyo anayekwenda kusafisha picha za namna hii aseme mapema kabisa, kabla hata ya kutoa memori kadi, kwamba picha isiguswe.

Nilisafisha nakala mbili. Ya pili ilikuwa ya bibi. Kijana aliipeleka Kalinzi katika safari yake iliyofuata na wateja wengine, na aliporudi nikamuuliza amesemaje. Alisema bibi aliitazama kwa muda, akaigeuza kuangalia kama nyuma kuna kitu, kisha akauliza mbona mimi mwalimu nimepiga shamba la jirani na lake limeingia kona tu. Niliporudi kuangalia picha nikakuta ni kweli.

Nimeshaweka nafasi ya Novemba, mvua zitakapoanza, na nimemwomba kiongozi anitafutie mahali ambapo shamba la bibi linaingia lote. Siku nilipokwenda kulipa nusu ya fedha, niliiona ile lenzi kwenye kabati la kioo hapo kaunta, imetolewa kwenye vitu vya kukodi na kubandikwa karatasi ya bei ya kuuzwa, shilingi 350,000, na chini yake kwa kalamu ya wino mwekundu: haina tatizo.